Hina Haioshwi

Tulimwacha Kache ameshika kitasa cha chumba nambari tisa, hotelini Bofa, na ndani mtu anacheka. Wiki nzima mmeniandikia barua mkitaka kumjua huyo anayecheka. Mmoja wenu, wa Gede, ametishia hata kuacha kununua gazeti. Usiache, ndugu yangu. Kitasa kimezunguka.

Aliyekuwa akicheka ni msichana ambaye Kache hajapata kumwona. Alikaa mbele ya kioo, mweupe, mwembamba, nywele zimelainishwa zikalala. Mwilini alivaa gauni la kijani.

Gauni lile lilikuwa la Kache. Fundi alimpima yeye, siku nane zilizopita, akanung'unika kuwa kitambaa hakitoshi kwa urefu wake. Sasa pindo lilikuwa limekunjwa na kushikizwa kwa pini, na bado lilifagia sakafu.

"Nani huyu?" Kache aliuliza.

Thuku, mwongozaji wa sinema aliyeshuka kutoka Nairobi na magari mawili na kamera moja, hakugeuka mara moja.

"Afadhali umekuja. Huyu ni Wanjira. Picha yake umeiona magazetini."

"Sijaiona."

"Basi utaiona. Wenye sinema walipiga simu jana, wanataka uso unaojulikana. Kwa hivyo tumebadilisha kidogo tu. Wewe utakuwa mfuaji nguo, kama tulivyokubaliana. Yule msichana asiyetazamwa na mtu. Halafu anapambwa, anateremka ngazi, watu wanashika midomo. Pale kwenye ngazi atakuwa Wanjira."

Kache aliyasikia maneno yote, moja baada ya jingine. Ilimchukua muda kuyaweka pamoja.

"Yaani mimi niwe mbaya," akasema, "halafu nikipendeza, niwe yeye."

"Watazamaji hawatajua. Ni sinema."

"Mamangu atajua."

Wewe uliyeanza kusoma leo, sogea nikuambie upesi. Kache Kazungu ni binti wa Matsangoni, mfuaji shuka wa hoteli hii. Ni mrefu kupita milango, anavaa miwani mizito aliyopewa na wamishenari alipokuwa darasa la tano, na ana mwanya. Mwaka jana Menza, mwenye duka pale kijijini, aliletwa amtazame apate kumposa. Alimtazama mara moja, akasema mbele za watu kwamba hataki mke mwenye madirisha usoni. Kijiji kilicheka mpaka siku ya pili.

Ndiyo maana Thuku alipokuja kutafuta msichana wa kuwa mbaya kwanza na mzuri baadaye, Kache alikubali ule ubaya kwa ajili ya ile ngazi. Alijua gari la sinema hupita Matsangoni kila kiangazi, shuka ikatundikwa ukutani mwa shule, na kijiji kizima kikakaa chini kutazama. Alitaka wamwone akiteremka, uso huu huu walioucheka. Sasa wataonyeshwa ubaya wake tu, mkubwa kama ukuta, na uzuri apewe mtu mwingine.

"Basi sifanyi," alisema.

"Umetia sahihi."

"Nilitia sahihi kuteremka ngazi."

"Umetia sahihi kuwa mfuaji nguo. Soma karatasi yako, ngazi haikutajwa."

Ilikuwa kweli. Thuku hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na haraka tu, na haraka ikizidi hufanana sana na uovu.

Wanjira ndiye aliyeiona ile mikono. "Na hiyo ni nini?" akauliza.

Mikono ya Kache ilikuwa imechorwa kuanzia kucha hadi viwiko, maua na majani, hina nyekundu na piko jeusi, na miguu vivyo hivyo hadi juu ya vifundo. Bi Kaltuma wa Mambrui, mpambaji wa maharusi, alikaa naye juzi tangu adhuhuri hadi magharibi. Ngazi ilipangwa kupigwa picha leo, kabla ya mambo ya dobi, kwa sababu siku hiyo moja tu ukumbi wa hoteli haukuwa na wageni hadi jioni.

"Ah, hiyo," alisema Thuku. "Nenda kaioshe. Kesho tunaanza kule dobi, nataka mikono mitupu ndani ya povu."

Kache alimtazama kupitia miwani yake. Halafu, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akatabasamu, na mwanya ukaonekana.

"Bwana Thuku," alisema, "hina haioshwi."

Thuku hakuamini. Mpambaji aliyekuja naye kutoka Nairobi aliitwa mbio. Sabuni ikaifanya hina ing'ae. Limau likaizidishia wekundu. Mafuta ya taa yakanuka tu. Unga wa uso uliifunika vizuri sana, mpaka mkono ulipotumbukizwa kwenye beseni, na ua la kwanza likachungulia pale kwenye kidole cha shahada.

"Itatoka lini?" Thuku aliuliza.

"Wiki mbili. Tatu, ikiwa mkono umeipenda."

"Sisi tunaondoka Jumanne."

"Basi safari njema."

Thuku akamgeukia Wanjira. "Itabidi ucheze wewe mwanzo na mwisho."

"Mkataba wangu umeandikwa na wakili," Wanjira alisema, wala hakuona haya. "Sivai matambara, sipakwi masizi. Uso huu ndio shamba langu, Thuku. Siwezi kulichoma moto ili wewe upate picha."

"Haya. Nitachukua mwingine kule dobi. Wabaya hawaniishi."

Alilisema kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Kache aliondoka bila kungoja la pili. Hakukimbia. Miguu yake mirefu, ile iliyochekwa na kijiji, ilimfikisha dobi kabla Thuku hajamaliza kuvaa viatu.

Wanawake wanane walikuwa wakikamua shuka. Hannah, mkubwa wao, alihesabu foronya. Pembeni Bi Kaltuma alikaa juu ya kreti, anakunywa kahawa, bakuli lake la hina limefunikwa kwa leso, maana aliitwa aje leo kukoleza pale patakapopauka. Mwanawe Seif, fundi wa taa wa sinema hiyo hiyo, alikuwa akifuta bati kubwa la kumulikia jua.

Kache aliwaeleza yote kwa pumzi moja.

"Amesema hivyo?" Hannah aliuliza. "Kwamba wabaya hawamwishi?"

"Kwa mdomo wake."

Wanawake waliacha kukamua. Shuka mbili zikaachwa zidondoke maji sakafuni.

"Mimi nilikukanya, mwanangu," alisema Bi Kaltuma. "Nilikwambia hina namna hii, kwetu sisi, ni ya mke wa mtu. Mwanamwali hatoki nayo nje, watu watauliza. Ukanambia ni mchezo."

"Nilidhani ni mchezo, Bi Kaltuma."

"Hina haina mchezo. Si rangi ya mlango hiyo. Ikikauka imekauka."

Kache alilitazama lile bakuli. "Imebaki kiasi gani?"

"Tele."

"Na ukiipaka kiganjani tu, bila maua, inachukua muda gani kushika?"

Bi Kaltuma akaweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa sala tano na maneno machache, lakini mzito wa kufahamu hakuwa. Akawatazama wanawake wanane, akaitazama mikono yao.

"Kwa mkono uliokuwa ndani ya maji moto tangu alfajiri?" akasema. "Nusu saa. Nyote mna waume zenu, hina ni haki yenu. Haya, leteni."

Seif alibeba bati lake, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. "Nikiulizwa," alisema, "nitasema mnabadili nguo." Kabla ya kuufunga alimtazama Kache kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Mamake aliona, akaendelea kupaka.

Thuku, aliyezuiwa njiani na simu ya Nairobi, alikuja baada ya dakika arobaini, jasho shingoni.

"Nataka mmoja wenu," alisema. "Kazi ya siku tatu, ni kufua tu mbele ya kamera. Wewe hapo. Toa mikono."

Mama yule akatoa. Viganja vilikuwa vyekundu.

"Wewe je?"

Vyekundu.

"Usijisumbue, bwana," alisema Hannah. "Sote."

Wakanyanyua mikono, wanawake wanane, viganja kumi na sita, kama watu waliokamatwa na polisi, ila waliokuwa wakicheka ni wao. Mmoja bado alikuwa na tope la hina vidoleni, likamdondokea Thuku kiatuni.

"Ni nini hiki?"

"Hina."

"Najua ni hina. Kwa nini?"

"Umesema wabaya hawakuishi," Hannah alimjibu. "Leo wamekwisha."

Nimewaambia mara nyingi katika hadithi hii: msitukane wakunga na uzazi ungalipo. Thuku alitafuta pa kukaa, akapata kapu la nguo chafu, akalikalia. Mkono usioweza kuukata, ubusu, na hapa alikuwa amezungukwa na kumi na sita, bila kuhesabu ile miwili ya maua.

"Unataka nini, Kache?"

"Ngazi."

"Na nini tena?"

"Miwani yangu."

"Hapana. Msichana huvua miwani, ndipo anapopendeza. Ndivyo inavyofanywa katika sinema zote."

"Nikivua sioni kidato. Utapiga picha ya mtu akivunjika shingo."

"Na huo mwanya? Tulikuwa tuuzibe kwa nta."

Kicheko kilichotoka dobi siku ile kilisikika jikoni. Bi Kaltuma alijifuta macho kwa ncha ya buibui.

"Mwanya, baba? Kuna wanawake wamemlilia Mungu wapewe mwanya huo. Nyinyi huko kwenu mwafunzwa nini?"

Thuku alilikwepa hilo. Aliuliza jingine. "Na mfuaji nguo atakuwa nani?"

"Mimi," alisema Kache. "Pamoja na hawa, na mikono yetu hivi hivi. Kwani anayefua shuka za watu haendi harusini?"

"Na ubaya wake utaonekana wapi?"

"Utafute. Ukiupata, nionyeshe na mimi."

Saa kumi alasiri ukumbi ulikuwa tayari. Wageni walitarajiwa saa kumi na moja, na mkanda uliobaki kwenye kamera ulitosha kuteremka mara moja tu. Thuku alilirudia hilo ili lisisahaulike.

"Mara moja, Kache. Ukisimama, ukigeuka, ukijikwaa, basi. Kesho naagiza mkanda mwingine, naazima ngazi ya hoteli nyingine, nayo inarudi kwa Wanjira."

Kule juu, Wanjira mwenyewe alikuwa amepiga magoti akichomoa pini za gauni la kijani. Pindo likashuka mpaka pale lilipotakiwa kufika. Kache alimngojea aseme neno baya, apate kumjibu.

"Usitazame chini," alisema Wanjira, pini mdomoni. "Wakiona unatazama miguu, wanajua unaogopa."

"Siogopi."

"Najua. Lakini wao wafahamu pia."

Kamera ikaanza kunguruma. Kamera ile haikuchukua sauti, ilichukua sura tu. Seif, amesimama juu ya meza, aligeuza bati lake, jua la dirishani likampiga Kache kifuani na usoni. Kache akaweka mkono wenye maua juu ya ukingo wa ngazi, akaanza kuteremka.

Hakuteremka kama walivyomfundisha, mguu mbele ya mguu kama mtu anayevuka daraja la mti. Aliteremka kwa hatua zake mwenyewe, ndefu, kama anayekwenda mahali na anajua njia. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Moyoni alikuwa Matsangoni, ukutani mwa shule, na kila aliyemcheka amekaa chini anamtazama kwa shingo iliyopinda.

Kidato cha sita akasikia jina lake.

"Kache."

Sauti ile hakuhitaji kuigeukia. Ilikuwa ya babake. Kwa pembe ya miwani aliona fimbo yake, kanzu yake ya Jumapili, na kando yake mwanamume aliyevaa suti mpya ya Kaunda. Menza.

"Kache mwana wangu, ni nini hiyo mikononi?"

Thuku alifumba macho. Hannah, mlangoni pa jikoni, alijiziba mdomo kwa kiganja chekundu.

Amri ya mzazi ni nzito, na Kache alilelewa kuitika anapoitwa. Mguu ulitaka kusimama. Hasira ikampanda, kwamba hata hapa, hata leo, wamemjia. Akaipa hasira kazi ya kufanya: ikamshikilia shingo. Kidato cha saba, cha nane. Alifika chini, akainua uso, akaitazama kamera moja kwa moja kupitia madirisha yake mawili, akatabasamu kwa mwanya wake wote.

"Imetosha," alisema Thuku kwa sauti ndogo. "Hiyo imetosha kabisa."

Wanawake wa dobi wakapiga vigelegele. Walikuwa na furaha, nani awalaumu. Lakini, msomaji wangu, hebu simama pale aliposimama mzee Kazungu. Una binti hajaolewa. Unaingia ukumbini, unamkuta kavaa gauni jipya, kapakwa hina na piko mpaka viwikoni, anateremka, na wanawake wanapiga vigelegele. Wewe ungesema nini?

"Ni harusi," alisema mzee Kazungu. "Harusi ya mwanangu, na mimi babake sikuitwa."

"Shikamoo, baba. Si harusi, ni sinema."

"Hina mpaka viwikoni ni sinema? Mimi nimeishi na watu wa Malindi, najua hina hii ni ya nani. Na juzi, kwa Mulungu, nimekunywa kadzama ya Menza mbele ya wazee. Kibuyu cha mnazi wa posa, nimekinywa chote."

Kache akamgeukia babake. "Menza alinikataa, baba. Mbele yako."

Menza alisogea, viatu vipya vinalia. "Nilikosea," alisema. "Nikasikia unatolewa sinema, nikasema kumbe. Na kweli umependeza. Ukivua hiyo miwani tu."

"Ulisema hutaki madirisha."

"Madirisha hutolewa, nyumba ikabaki."

Jibu la Kache lilikuwa limefika ulimini. Lilikuwa neno moja tu, na alikuwa amelitunza mwaka mzima. Lakini kabla halijatoka, mtu alisimama nyuma yake.

"Mzee Kazungu," alisema Bi Kaltuma, "mmekunywa posa ya mke wa mtu."

Mzee Kazungu akageuka kumtafuta aliyesema.

"Hina hii nimeichora mimi. Nami simpambi mwanamwali hivi, ulizeni Mambrui yote. Huyu ni mke wa mwanangu Seif. Wameozwa juzi."

Bati la kumulikia likaanguka kutoka mezani, likalia mpaka likachoka.

Bi Kaltuma hakuwahi kusema uongo mbele za watu kwa muda wa miaka hamsini na sita. Aliusema huu akiwa wima, mikono imefumbatwa, kwa mapenzi, na kwa hofu ya kumwona binti anakokotwa na mtu aliyemtukana. Kache aliyajua yote hayo. Na hata hivyo ilimuuma. Asubuhi mtu alimfanya mbaya bila kumwuliza. Sasa mwingine, tena anayempenda, amemfanya mke, naye hakuulizwa.

"Bi Kaltuma," alisema polepole, "lifute neno hilo kabla halijakauka."

Mama yule aliitazama mikono aliyoichora, kisha uso wa mzee Kazungu, ambaye tayari alikuwa akimtazama Seif toka kichwani hadi miguuni.

"Limeshakauka, mwanangu."

Seif aliteremka mezani. Alipita mbele ya Menza kana kwamba hakuna mtu pale, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee Kazungu," alisema. Halafu akamgeukia Kache, akashusha sauti. "Mama amesema lake. Mimi nangoja lako. Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema hapana, nitasimama hapa hapa na hiyo hapana."

Babake Kache akagonga fimbo sakafuni. Menza akakunja mikono ya suti yake. Wanawake wanane walisimama na viganja vyao vyekundu, na nyuma ya kamera Thuku alikuwa amesahau kuizima, inanguruma bila mkanda.

Kache akavua miwani. Hapo wote wakawa ukungu, baba, Menza, Seif na yule mama. Akaifuta kwa pindo la gauni la kijani, kioo kimoja, kisha cha pili, akaivaa tena ili awaone vizuri.

Kisha akafungua mdomo.